Wakili ana mwenyewe

Mamdogo wangu anauza viungo soko la Kongowea, Mombasa, na kwa karibu miaka miwili alikua akienda ofisi ya wakili vile watu wanaenda kliniki ya presha, yaani kila mwezi, na leso safi, na nauli imefungwa kwenye pindo, anaketi kwa benchi, anaambiwa bado, anarudi sokoni. Hakuna siku alirudi amekasirika. Ananiambia tu, wakili amesema nije Jumatatu. Jumatatu gani hakuwahi kuambiwa.

Mambo yalianza 2019, mwezi wa kumi na moja, matatu aliyopanda kutoka Mtwapa iliingia nyuma ya lori na mguu wake wa kulia ukavunjika juu kidogo ya kifundo. Alilazwa wiki tatu. Siku ya nne hivi, sisi bado tunahangaika na bili, akafika kijana mmoja wodini, shati jeupe, mkoba wa laptop ambao haukua na laptop, akasema pole mama, mimi natoka kwa wakili, weka kidole hapa na hapa, kesi tunakufanyia sisi, hutoi hata shilingi. Mamdogo akaweka kidole. Mimi nilikua nimeenda kutafuta uji, niliporudi nikakuta kidole cheusi na kadi ya biashara juu ya kabati. Nilikuja kujua baadaye sana kwamba kuwinda wateja kitandani namna ile ni mwiko kwa wakili, lakini siku ile niliona kama msaada umeshuka kutoka mbinguni.

Haya. Abstrakti ya polisi, ile karatasi ya kuonyesha ajali imeripotiwa, ikachukuliwa, P3, ile fomu ya polisi ya majeraha, ikajazwa na daktari, kesi ikaenda mahakamani. Na ile "hutoi hata shilingi" ikageuka, leo elfu tano ya kufungua faili, kesho elfu tatu ya ripoti ya daktari wa pili, siku nyingine elfu mbili ambayo hadi leo hatujui ilikua ya nini. Afu ikaja korona, mahakama zikapunguza kazi, tukasema si kosa la mtu. 2022 akaitwa kuweka kidole kwenye karatasi nyingine, akaambiwa ni ya kuharakisha mambo. Ilikua vocha ya dischaji. Yaani ile karatasi ambayo ukishaiweka sahihi unaiambia kampuni ya bima nimekubali hii pesa, tumemalizana.

Niligundua kwa bahati. 2023 nilikua mahakamani kwa shughuli zangu, nikaona nina muda, nikaenda masjala nikalipa ada ya kusoma faili na nikakaa kwa kona kusoma. Karatasi ya mwisho mwisho ilikua ni maafikiano: shilingi 620,000, na gharama za kesi kando. Tarehe ilikua ya miezi kumi na minne nyuma. Nilipiga simu kwa bima, dada mmoja akanitazamia, akasema cheki ilitoka zamani, iliandikwa jina la ofisi ya wakili, kama kawaida yao.

Nilirudi sokoni nikamwambia mamdogo. Alikua anamenya kitunguu saumu. Akaendelea kumenya. Akasema, "Labda amesahau."

Mwanzo mimi nilifikiria polisi, ndugu yangu mwingine akataka twende na vijana wa mtaa pale ofisini, na rafiki yangu akasema achaneni, huwezi kushtaki wakili, atakushinda kwa lugha tu. Aliyetutoa kwenye giza ni mzee jirani, alistaafu kama karani wa mahakama, mtu wa maneno machache. Alitusikiliza hadi mwisho, akauliza, "Sasa mnamlilia nani? Wakili ana mwenyewe. Mfuateni mwenyewe."

Na mwenyewe yuko kwenye sheria, Sheria ya Mawakili, Sura ya 16 ya sheria za Kenya. Nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyosoma kitu chochote tangu nimalize fomu foo. Watu wengi wanadhani mwenyewe wa wakili ni LSK, chama cha mawakili, na ni kweli LSK ndio inashughulika na ile cheti wanayochukua kila mwaka, lakini malalamiko ya mwananchi yana mlango wake, unaitwa Tume ya Malalamiko ya Mawakili, iko chini ya ofisi ya Mwanasheria Mkuu, imekuwepo tangu mwisho wa miaka ya 1980. Kifungu cha 53 kinasema mtu yeyote anaweza kulalamika kule, dhidi ya wakili, au ofisi nzima ya mawakili, au hata mfanyakazi wa ofisi hiyo. Hapo kwa mfanyakazi nilicheka peke yangu, manake yule kijana wa mkoba mtupu alikua akituambia kila mara "mimi si wakili, mimi natumwa tu". Na hulipi kitu. Nimeirudia hii kwa watu mpaka nimechoka: kulalamika ni bure, mtu akikuambia utoe "ya kufungua faili" kule, huyo ni kijana mwingine wa mkoba.

Ila kuna kitu nilikua nimeelewa vibaya na nadhani wengi tunaelewa vibaya. Nilidhani Tume ni kama askari, unaenda, unalia, wanavamia ofisi wanatoka na pesa zako. Haiko hivyo. Kitu cha kwanza inachofanya, ikiona malalamiko yana maana, ni kumwandikia wakili: umelalamikiwa hivi, jibu. Basi. Barua. Mimi nilivunjika moyo niliposikia, nikasema sisi tushampigia simu arobaini, barua itafanya nini. Lakini simu ya mamdogo wakili anaweza kuizima akaendelea na chai yake. Ile barua hawezi, manake ukiacha kujibu kule kukaa kimya kwenyewe kunaanza kuhesabika dhidi yako, na nyuma ya barua kuna jina lake kwenye orodha ya mawakili, ambalo ndilo linamlisha. Mkononi wanashika leseni, pesa inafuata nyuma ya leseni.

Tukaketi kuandika. Mamdogo alitaka niandike anavyosema yeye, kwa hivyo rasimu ya kwanza ilikua imejaa Mungu, yatima, machozi, na laana mbili ambazo siziweki hapa. Nikamwambia mamdogo, hizi za Mungu tumwachie Mungu, Tume inataka tarehe. Akasema tarehe hana. Kumbe anazo. Akaleta lile bati la biskuti ambalo kila nyumba ya pwani liko na ndani hakuna biskuti, akamwaga juu ya meza: risiti za ile elfu tano na elfu tatu, moja imeliwa na mende pembeni lakini muhuri unasomeka, kadi ya miadi ya hospitali, nakala ya abstrakti, kadi ya biashara ya siku ya wodini, na karatasi za kalenda ambazo alikua akitia alama kila siku aliyoenda ofisini. Hajui kuandika sana, lakini alikua anachora duara. Maduara ishirini na moja. Nilihesabu mara mbili. Kwa simu yangu tukatoa meseji zake zote, pamoja na ile ya wakili mwenyewe iliyosema "mama vumilia bima bado hawajalipa", ambayo ilitumwa miezi sita baada ya cheki kutoka. Ile meseji ndio ilikua kesi nzima, hayo mengine ni pambo.

Kwa hivyo malalamiko yetu yakawa kurasa mbili. Nani, lini alipewa kazi, lini maafikiano, lini bima ililipa, lini tulidanganywa kwamba haijalipa, tunataka nini. Tukabandika nakala, zile halisi zikarudi kwenye bati. Hilo la nakala mzee jirani alilisema kwa ukali kidogo, usitoe karatasi halisi mkononi mwako kwa mtu yeyote hata akiwa malaika.

Sasa hapa nitoke kidogo kwa mamdogo. Baada ya watu kusikia tumeandika, wakaanza kuja. Kuna bwana mmoja alishindwa kesi ya shamba na yeye alitaka wakili wake afutwe kabisa, kwa sababu gani, kwa sababu alishindwa. Nikamuuliza, alikuja mahakamani? Alikuja. Alikuambia tarehe? Aliniambia. Alileta mashahidi? Walikuja. Sasa huyo amekosa nini, kesi ina pande mbili na mmoja lazima aende nyumbani amenuna. Kwa kushindwa unakata rufaa, Tume haiwezi kukufungulia kesi upya wala kumpindua hakimu. Lakini kama angeniambia wakili hakutokea siku tatu mfululizo hadi kesi ikatupwa na yeye hakuambiwa, hapo tungekaa chini. Kula pesa ya mteja, kuficha habari, kulala na faili, kusimama upande wako huku amesimama na adui yako pia, hayo ndio mambo yao. Bwana hakufurahi na mimi, hadi leo akinipita ananisalimia kwa kidevu.

Na ikiwa Tume inaona ni kosa la nidhamu kweli, inalipeleka mbele, kwa Jopo la Nidhamu. Hata wewe mwenyewe unaweza kwenda huko moja kwa moja kwa hati ya kiapo, sheria inaruhusu, ila ukipitia Tume wao ndio wanaendesha mashtaka na wewe unakua shahidi. Jopo ndio lina meno. Linaweza kumwonya, kumsimamisha kazi hadi miaka mitano, kumpiga faini hadi shilingi milioni 1, kumwamuru akulipe wewe fidia hadi milioni 5, au kumfuta kwenye orodha, akawa bwana fulani tu kama mimi na wewe. Wakili asiporidhika ana siku 14 kukata rufaa Mahakama Kuu. Na kando ya hayo yote kuna kifungu cha 80, ambacho kinasema wakili aliyeaminiwa pesa ya mteja akaila amefanya jinai, hiyo sasa ni ya polisi na mahakama, mtu anaweza kufungwa.

Watu wanasema, lakini si ni mawakili wanahukumu mawakili, kesi ya nyani umpelekee ngedere? Nami nilisema hivyo hivyo. Ni kweli wengi kwenye lile Jopo ni mawakili waliochaguliwa na wenzao, wa miaka kumi na zaidi kazini, japo yupo mtu wa Mwanasheria Mkuu na wapo wachache ambao si mawakili. Maoni yangu yamebadilika nusu. Nusu iliyobadilika ni kwamba wakili mzoefu anajua ile michezo, huwezi kumdanganya kuhusu akaunti ya wateja, manake naye anayo. Kanuni zao zinataka pesa ya mteja ikae akaunti yake, isichanganyike na ya kodi ya ofisi na mafuta ya gari, na ukimwambia mtu wa kazi hiyo hiyo "leta taarifa ya akaunti" anajua aangalie wapi. Nusu ambayo haijabadilika ni kwamba fidia ya milioni 5 ni kubwa kwa mtu wa mguu uliovunjika, lakini kwa familia iliyouza ploti ya Nyali pesa ikapita kwa wakili ikapotea, milioni 5 ni kama kupewa kifuniko ukaambiwa ndio sufuria. Huyo bado atatafuta mahakama ya kawaida kudai iliyobaki.

Na kuna watu ambao huko kote hakuwahusu. Mnakumbuka 2023, yule jamaa aliyesemekana amekua akisimama mahakamani na LSK tawi la Nairobi wakatoa tangazo kwamba hawamtambui kama wakili, mitandao ikageuka sherehe. Watu walicheka, wengine wakamtetea ati mbona anashinda. Mimi nilifikiria wateja tu. Jopo la Nidhamu litamfuta mtu gani kwenye orodha na orodha yenyewe hayumo? Mtu ambaye si wakili, anayemshika ni polisi, na pesa yako uiombee dua. Binamu yangu wa Tanga ananiambia kwao watu hao wanaitwa vishoka, wakili kishoka, na mimi nimelipenda hilo neno kwa sababu linaonyesha kabisa mtu anavyokatwa. Wao wana Kamati ya Mawakili kwa mambo ya nidhamu, lakini kishoka naye haimpati vile vile. Kwa hivyo kabla hujaweka kidole, ingia kwenye tovuti ya LSK, pale kuna sehemu ya kutafuta wakili, andika jina, uone kama yuko hai kikazi au amesimamishwa au hayuko kabisa. Kila wakili ana namba inaanza na P.105, muulize. Anayekasirika kuulizwa namba, mimi ningeinuka.

Turudi kwa mamdogo. Barua ya Tume ilipomfikia wakili, sisi hatukuambiwa na mtu, tulijua kwa simu. Saa tatu usiku, namba ambayo kwa miaka miwili ilikua haishiki, inapiga yenyewe. "Mama, mbona hukuniambia kuna shida? Mimi na wewe si ni kama mtu na mamake?" Mamdogo akaniangalia, akaweka spika. Akamwambia, "Nilikwambia mara ishirini na moja, wakili. Nina maduara."

Kesho yake kijana wa mkoba akafika Kongowea na kreti ya soda. Kreti nzima! Na karatasi mkononi, kwamba mama aweke kidole kusema amelipwa yote na hana malalamiko, afu pesa itakuja wiki ijayo. Na mamdogo wangu, nawaambia ukweli, alikua ameshanyoosha kidole, manake soda zilikua baridi na kijana alikua anamwita mama. Muuza nazi wa pembeni ndiye aliyenipigia simu. Nikafika nimepanda boda, nikamwambia kijana karatasi itangulie pesa wapi, nenda urudi na pesa. Soda tulikunywa.

Mwishowe Tume ikatuita kuketi, pande mbili, tutafute suluhu. Hapo ndio wakili alileta hesabu yake, na hesabu yenyewe ilikua burudani. Alikua amekata karibu nusu, akaita "ada tuliyokubaliana", ati tukishinda anachukua asilimia. Kumbe hayo makubaliano ya kulipwa ukishinda tu, kwa wakili wa Kenya sheria haiyatambui, kifungu cha 46 kinayakataa waziwazi, ada inatoka kwenye jedwali lao la malipo. Tena bima ilikua imelipa gharama za kesi kando, ile ambayo niliiona kwenye faili. Kwa hivyo alikua ameshalipwa na bima, halafu anajilipa tena kwa mguu wa mamdogo. Alipoulizwa hilo alifungua mkoba, akafunga, akafungua tena.

Akakubali kulipa kwa awamu. Ya kwanza 250,000 iliingia, tukaiona kwa macho kwenye akaunti ya mamdogo ndio tukapumua. Ya pili 150,000. Ya tatu bado haijakamilika, na malalamiko hatujayaondoa, mamdogo mwenyewe ndiye aliyekataa, anasema mlango ukifungwa mwizi hulala. Kwa awamu ya kwanza alibadilisha mabati ya kibanda na kulipa deni la hospitali ambalo tulikua bado tunalo, na akanunua bati jipya la biskuti. La zamani limejaa.

Sasa kibanda chake kimegeuka ofisi. Nakala ya ile barua yetu ameitia plastiki, ameitundika nyuma ya gunia la bizari, watu wanakuja kuisoma. Juzi mama mmoja alikuja kutoka Kisauni, mumewe aligongwa na boda miaka minne nyuma, akaanza kwa kutoa simu anionyeshe picha za mguu. Kabla sijasema kitu mamdogo akamshika mkono akairudisha ile simu chini. "Mguu tutauona baadaye, mwanangu," akamwambia. "Risiti ziko wapi?"